Koti la Afisa wa Kidachi: Jinsi Linavyopimwa Kabla ya Kuwekwa Katika Makumbusho



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya koti. Si koti la dukani, bali ni koti la afisa wa jeshi la Wajerumani, watu ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Makoti ya namna hii yamepita umri wa miaka 100. Mengine yamo katika nyumba za makumbusho, mengine huuzwa katika minada ya Ulaya na Marekani, na mengine huenda yamelala katika masanduku ya watu ambao hawajui ni kitu gani walicho nacho. Wako watu wanaoyatafuta kwa bidii na kuyalipia fedha nyingi, na penye fedha nyingi hapakosi mwongo. Kwa hiyo yatupasa kujua jinsi koti la namna hii linavyopimwa, ili tupate kulitambua la kweli na la uongo, tena tujue hilo la kweli lina faida gani kwetu.

Neno la kwanza la kushika ni hili: koti la kale ni shahidi. Shahidi aletwapo barazani haulizwi thamani yake. Huulizwa alikuwa wapi, aliona nini, na nani walikuwapo pamoja naye. Nyumba ya makumbusho nayo ni baraza. Watoto wa shule huja, husoma maneno yaliyobandikwa kando ya kitu, huamini, huenda nyumbani wakawaambia wenzao. Ikiwa koti ni la uongo, watoto mia wamefundishwa uongo kwa siku moja, tena kwa kibali cha wakubwa. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi tusitazame nje tu.

Natuanze na jeshi lenyewe, maana hawezi mtu kulihukumu vazi asipomjua mvaaji. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa pwani ya Afrika ya Mashariki kupigana na watu waliosimama pamoja na Abushiri bin Salim kuwapinga Wajerumani. Wissmann aliandika askari wa Kisudani huko Misri, na wengine akawapata Msumbiji. Mwaka 1891 kikosi hicho kikafanywa jeshi la dola ya Ujerumani, likaitwa kwa lugha yao Schutztruppe, maana yake jeshi la ulinzi. Maafisa walikuwa Wajerumani, na askari walikuwa Waafrika. Baada ya miaka michache askari wengi waliandikwa katika nchi yenyewe, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Vyeo vyao viliitwa kwa maneno ambayo wazee waliyajua sana: ombasha, shaushi, betshaushi, soli, na juu yao efendi. Jeshi hilo lilidumu mpaka tarehe 25 Novemba 1918, lilipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, katika nchi ya Zambia.

Sasa natuseme kwamba mtu amefika mbele ya wakubwa wa nyumba ya makumbusho akiwa na koti mkononi, naye asema, "Koti hili lilivaliwa na afisa wa Kidachi katika vita vya Tanga mwaka 1914. Nataka kuliuza." Je, twaanzia wapi?

Twaanza kwa kuyatenga mambo mawili, yaani koti na hadithi ya koti. Huenda koti ni la kweli na hadithi ni ya uongo. Huenda hadithi ni ya kweli, lakini ni ya koti jingine. Kwa hiyo hadithi yote huandikwa kwanza katika karatasi, neno kwa neno, kabla mtu hajaligusa vazi: muuzaji alilipata kwa nani, mwaka gani, na huyo naye alilipata kwa nani. Yakiisha kuandikwa, karatasi huwekwa kando, na koti hulazwa juu ya meza safi yenye mwanga mwema.

Jambo la kwanza kutazamwa ni namna ya koti. Kanuni za mavazi za jeshi hilo zilitolewa mwaka 1896, nazo zilitaja mavazi ya aina mbalimbali. Liko koti la kaki la kuvaa kazini katika nchi za joto, lenye ukanda mwembamba wa rangi ya buluu ulioshonwa kando ya ukosi na penginepo. Liko koti jeupe, nalo pia ni la nchi za joto. Tena liko koti la rangi ya kijivu, la kuvaa nyumbani Ujerumani. Katika koti hili la kijivu, rangi ya ukosi na ya ncha za mikono ilionyesha koloni la mvaaji: nyeupe ilikuwa ya Afrika ya Mashariki, buluu ilikuwa ya Afrika ya Kusini-Magharibi, na nyekundu ilikuwa ya Kameruni na Togo. Vifungo vilikuwa vya metali nyeupe, vimepigwa chapa ya taji la Kaisari.

Mnaona basi jinsi maarifa haya machache yanavyofanya kazi. Muuzaji akileta koti la kijivu lenye ukosi mwekundu, akasema ni la Tanga, tumekwisha kupata sababu ya kumwuliza maswali zaidi. Akileta koti la kijivu lenye ukosi mweupe, huenda ni la afisa wa Afrika ya Mashariki kweli, lakini koti hilo zito aghalabu lilibaki nyumbani Ulaya, halikutambaa katika minazi ya Tanga. Au tuchukue mfano mwingine. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, huko Lugalo karibu na Iringa, naye mwenyewe akauawa. Mtu akileta koti lililoshonwa kwa kanuni za mwaka 1896 akasema liliokotwa Lugalo, hapana haja ya kioo cha kukuzia. Hesabu ya miaka peke yake imemshinda.

Baada ya hayo twatazama mabega, maana cheo cha afisa kilikuwa begani. Maafisa wa jeshi hili walivaa begani kamba za fedha zenye nyuzi nyeusi na nyekundu ndani yake. Hizo ndizo rangi za dola ya Ujerumani ya siku zile, nyeusi, nyeupe na nyekundu, na ile fedha ilisimama mahali pa nyeupe. Afisa wa jeshi la Prussia alikuwa na nyuzi nyeusi tu, hana nyekundu. Basi begani pasipo na nyuzi nyekundu, koti limetoka katika jeshi jingine, au mtu amebandika kitu kisicho chake. Luteni hakuwa na nyota, Luteni mkuu alikuwa na nyota moja, na Kapteni alikuwa na nyota mbili. Kutoka cheo cha Meja kamba zilisokotwa pamoja kama msuko wa nywele.

Kwa njia hii majina makubwa hupimwa vilevile. Wauzaji hupenda kulitia koti jina la mtu mashuhuri, kwa kuwa jina huongeza bei. Natuseme muuzaji adai kwamba koti lake ni la Tom von Prince, yule ambaye wazee walimwita Sakarani, aliyepigana na Mtwa Mkwawa na akauawa Tanga mwezi wa Novemba 1914. Von Prince alikuwa Kapteni. Koti lenye kamba zilizosukwa za Meja haliwezi kuwa lake. Na hata likiwa na nyota mbili, bado halijathibitika kuwa lake, kwa kuwa Makapteni walikuwa wengi. Nyota zaweza kulikanusha jina, lakini haziwezi kulithibitisha peke yake.

Tena hutazamwa chini ya zile kamba za begani. Kitambaa kilichofunikwa miaka mingi hakipaukiwi na jua kama kitambaa kilicho wazi. Tukiinua kamba tukaona kivuli chenye umbo lake lilelile, kamba na koti vimekaa pamoja muda mrefu. Tukiona kivuli chenye umbo jingine, au matundu ya sindano yasiyolingana, kamba zimebadilishwa. Hiyo ndiyo hila inayopatikana mara kwa mara: koti ni la kale kweli, lakini lilikuwa la mtu mwenye cheo kidogo, kisha mtu wa siku zetu amelipandisha cheo kwa uzi na sindano ili apate bei ya afisa.

Sasa twafika kwenye kitambaa na uzi. Hapa fundi wa kushona atatufaa kuliko msomi. Twageuza koti ndani nje, twatazama mishono na bitana. Maafisa wa Kijerumani walijinunulia mavazi yao kwa mafundi wao wenyewe, hawakupewa ghalani kama askari wa kawaida. Kwa sababu hiyo makoti yao hayafanani yote. Jingine lina kitambaa chenye jina la fundi na mji wake, na huenda limeandikwa jina la mwenyewe kwa wino ndani ya mfuko. Jingine halina alama yoyote. Askari wa kawaida alipata koti lenye mhuri wa ghala, na afisa hakuupata mhuri huo. Basi koti la afisa kukosa mhuri si kosa, bali kuwa na mhuri wa ghala ndiko kunakotaka kuelezwa.

Uzi nao husema. Uzi mfupi sana hutolewa ndani ya mshono, mahali pasipoonekana, ukachomwa kwa moto mbali na koti lenyewe. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Uzi wa sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Uzi uliotengenezwa kwa dawa za kiwandani huyeyuka, kisha huganda kama shanga ndogo ngumu. Nailoni haikuwako kabla ya miaka ya 1930, na poliesta haikuenea mpaka miaka ya 1950. Koti ambalo mishono yake yote mikubwa imeshonwa kwa uzi wa namna hiyo halikushonwa katika siku za Kaisari. Lakini na tuwe waangalifu: kifungo kimoja kilichorudishwa kwa uzi mpya hakilifanyi koti zima kuwa la uongo. Huenda bibi mmoja wa Berlin alikirudisha mwaka 1960. Mshono mkuu wa mgongo na wa mikono ndio wa kuaminiwa.

Iko pia taa ya namna yake, ambayo miali yake haionekani vema kwa macho. Nyuzi na sabuni nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili zina dawa ya kung'arisha nguo, nazo zikimulikwa gizani kwa taa hiyo hung'aa kwa rangi ya buluu. Koti likiwaka lote kama mbalamwezi, shaka yaingia. Hapa pia hukumu isiwe ya haraka, maana koti la kweli lililofuliwa juzi kwa sabuni ya dukani litawaka vilevile. Ndiyo sababu hutazamwa ndani ya mishono, mahali ambapo sabuni haikufika vema.

Baada ya kitambaa twatafuta alama za mwili wa mtu. Koti lililovaliwa hukatika ukosini kwa jasho, huchakaa viwikoni, hufifia mabegani kwa jua, na hung'aa mahali ulipokaa mkanda. Uchakavu wa kweli huja pale mwili unaposuguana na nguo. Mwongo husugua nguo kwa jiwe au huiloweka katika chai, na uchakavu wake huwa sawasawa kila mahali, hata kwapani na chini ya ukosi, mahali ambapo jua halikufika kamwe. Viraka navyo hutazamwa kwa heshima. Mtu asiyejua huona kiraka ni aibu ya koti, lakini mwenye kujua huona kiraka ni habari.

Na hapa, wasikilizaji, yafaa tukae kidogo, kwa kuwa habari ya kitambaa katika vita ile ya mwaka 1914 hadi 1918 ni habari ya nchi yetu wenyewe. Vita ilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, bidhaa za Ulaya zikakatika. Merikebu mbili za Wajerumani zilipenya, moja mwaka 1915 na nyingine mwaka 1916, lakini hazikutosha. Nguo zikawa adimu. Ndipo wenyeji wa nchi, wanawake kwa wanaume, wakasokota nyuzi za pamba na kufuma vitambaa kwa mikono. Mkuu wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, alieleza katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka mwaka 1920, kwamba walijaribu rangi nyingi, na rangi moja iliyofaa sana ilitoka katika mti uitwao ndaa. Rangi hiyo ilikuwa ya kahawia iliyochanganyika na manjano, nayo haikuonekana upesi katika nyasi na vichaka. Fikirini jambo hilo. Vazi la askari wa Kaisari lilitiwa rangi kwa mti wa Kiafrika, na mikono ya Kiafrika ndiyo iliyosokota uzi wake.

Dhiki ilizidi. Mwezi wa Novemba 1917 Wajerumani walirusha ndege kubwa ya hewa, L59, kutoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria, ije kuwasaidia watu wao huku. Ilikusudiwa isirudi tena. Hata ngozi yake ya kitambaa ingekatwa ikawa mahema na mavazi. Ilifika juu ya Sudani, ikaitwa kwa simu ya upepo, ikarudi. Mwezi huohuo jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma, likawashinda Wareno huko Ngomano, na tokea hapo wengi walivaa nguo za adui waliyemteka. Jeshi hilo lilipoweka silaha chini mwaka 1918, lilikuwa na Wazungu 155 tu, askari zaidi ya 1,100, na wachukuzi zaidi ya 1,500. Maafisa, pamoja na waganga, hawakupita 30 hivi.

Maana yake kwa mpimaji ni nini? Maana yake ni kwamba koti la kaki zuri, lisilo na doa, lenye vifungo vyote, ambalo muuzaji asema lilizunguka porini miaka minne mpaka Abercorn, ni jambo la ajabu sana. Kwanza lilikuwa la mmoja katika watu wasiozidi 30. Pili, watu hao hawakuwa na nguo nzuri. Kinyume chake, koti baya lenye kitambaa cha kufuma kwa mkono, rangi ya kahawia isiyolingana, na vifungo vya namna mbili, laweza kuwa ndilo la thamani kubwa kuliko yote. Mnunuzi mjinga atalitupa na kulichukua lile linalong'aa.

Baada ya koti kusema yake, twairudia ile karatasi ya hadithi. Sasa twatafuta hati. Likiwapo jina la mwenyewe ndani ya mfuko, hutafutwa katika daftari za maafisa zilizopigwa chapa siku zile, zinazoonyesha cheo cha mtu na mwaka wake. Zipo pia karatasi za wizara ya makoloni katika nyaraka za taifa za Ujerumani huko Berlin, na zipo karatasi za utawala wa Kijerumani katika Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam. Lakini nyaraka za jeshi la Prussia zilizokuwa Potsdam ziliungua kwa mabomu mwezi wa Aprili 1945, na pamoja nazo habari za maafisa wengi. Waongo wanalijua jambo hilo, nao hupenda kusema, "Hati zake ziliungua." Huenda ni kweli. Lakini hati kuungua si ushahidi wa jambo lolote. Hadithi isiyo na ushahidi haipasi kulipwa hata senti moja, hata ikiwa tamu namna gani.

Tusilichanganye koti hili na makoti ya majeshi ya Hitler, ya miaka 1933 hadi 1945, yenye tai na msalaba wa swastika kifuani. Hayo ni mengine. Kwa kuwa yanatafutwa sana, makoti ya uongo ya namna hiyo ni mengi mno, na huko Ujerumani alama ile imekatazwa na sheria kuonyeshwa hadharani, isipokuwa kwa mafundisho, utafiti, sanaa na mambo kama hayo. Yako pia makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya sinema na michezo. Aliyeyashona hakukusudia kudanganya mtu, lakini yakipita mikono mitatu minne huanza kuitwa ya kweli.

Sasa twafika kwenye swali ambalo wapimaji wengi hulisahau, nalo kwetu sisi ni kubwa kuliko mengine. Koti limethibitika. Kitambaa ni cha kweli, cheo ni cha kweli, jina ni la kweli. Je, lilikuwa wapi, na nani walikuwa mbele yake? Ikiwa afisa huyo alikuwa Ungoni au Umatumbi kati ya mwaka 1905 na 1907, basi koti hilo lilikuwako katika vita vya Maji Maji, wakati vijiji na maghala ya chakula yalipochomwa moto, na watu wakafa kwa njaa kuliko waliokufa kwa risasi. Idadi ya waliokufa hukisiwa kuwa baina ya 75,000 na 300,000. Mwaka 1906 Songea Mbano na wenziwe walinyongwa katika mji ambao leo unaitwa kwa jina lake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akawaomba radhi wazao wao. Koti lililokuwako huko haliwezi kutundikwa na kuandikwa tu, "Vazi zuri la afisa." Kufanya hivyo ni kumziba shahidi kinywa baada ya kumwita barazani.

Na wako wengine ambao hawana koti kabisa. Wachukuzi waliobeba mizigo ya pande zote mbili katika vita ile kuu walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa homa, kuhara na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa kikosi cha wachukuzi cha Waingereza. Nguo zao zilikwisha miilini mwao, wala hapana mnada unaoziuza. Asiyekuwapo na lake halipo, wasema wahenga. Askari nao vitu vyao ni haba. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai. Inasimuliwa kwamba wazee wengi walifika Mwanza, na wachache mno walikuwa na hati. Baadhi yao walileta vipande vya mavazi yao ya zamani viwe ushahidi, na wasiokuwa na kitu walipewa ufagio mahali pa bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani, nao wakazitii amri zote. Kipande cha nguo kilikuwa ndicho cheti cha maisha ya mtu.

Kwa hiyo, wakubwa wa makumbusho wakiisha kulipima koti, hupimwa wao wenyewe kwa maneno watakayoyaandika kando yake. Tuseme wameandika, "Koti la shujaa wa Tanga." Maneno hayo ni machache, tena yanajua mengi kuliko koti lenyewe. Afadhali waandike hivi: "Koti la kaki la afisa wa jeshi la Kijerumani, cheo cha Kapteni. Kitambaa kimefumwa kwa mkono na kutiwa rangi katika Afrika ya Mashariki. Jina la mvaaji halijulikani. Majina ya waliokisokota na kukifuma hayakuandikwa." Mwanafunzi akisoma hayo ataondoka na ukweli, na maswali ya kumwuliza babu yake.

Bei huja mwisho, nayo si ngumu tena. Kuwa kamili, kutobadilishwa, kuwa na jina lililothibitika, na kuwa na habari ya njia yote liliyopita, hayo huongeza thamani. Kuongezwa vitu vipya, kufuliwa vibaya na kupewa jina lisilo na ushahidi huipunguza.

Tuna neno moja la mwisho kwa ninyi mlio vijijini. Ikiwa ndani ya sanduku la mzee wenu limo koti kuukuu, au kifungo chenye taji, au mkanda, au kofia, msilifue wala kulipiga pasi, na msing'arishe kifungo. Msitie vifungo vipya ili lipendeze. Lilazeni katika kitambaa safi cha pamba, mahali pakavu pasipo jua, pasipo panya wala mchwa. Kisha chukueni daftari mkaandike aliyosema mzee: jina lake, kikosi chake, alikopita, na nani alimpa kitu hicho. Andikeni leo, kwa kuwa koti laweza kungoja, lakini mzee hawezi. Na mgeni akija na fedha mkononi, akataka kulinunua papo hapo, mwambieni angoje, kwanza mwulize watu wa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, au wa Makumbusho ya Maji Maji, Songea, au mwalimu wenu awaandikie barua. Mtu mwenye nia njema hatakasirika kungoja.